Wimbo wa Koti la Kuazima

Asubuhi niliyoondoka Matisi, mtaa wa Kitale, nilikuwa naenda kununua mkate. Nilivaa sandali, nikaurudisha mlango bila kutia kufuli, nikashuka mpaka dukani. Duka lilikuwa bado limefungwa. Nikasema nitembee kidogo, nikirudi nitalikuta limefunguliwa. Nilitembea mpaka nikatokea barabara kubwa, na hapo palikuwa na lori tupu, dereva wake akilizunguka na kupiga magurudumu teke. Aliniangalia mikono kabla hajaniangalia uso.

"Wewe, unaweza kubeba gunia?"

"Naweza."

"Naenda Ndalu kuchukua mahindi. Mpakiaji wangu amelala na pombe. Panda twende."

Nikapanda. Mkate sikuununua, na chumba kile sijakiona tena.

Watu wengi huhama wakiwa na sababu. Mimi huhama kama mtu anavyopiga chafya. Nilizaliwa kwenye kambi ya vibarua katika shamba kubwa nje ya Kitale, na kila mkataba wa wazazi wangu ulipokwisha tulifunga sufuria kwenye shuka tukaenda kambi nyingine. Nikiwa darasa la saba tulihama katikati ya muhula, na shule mpya ilikuwa mbali, nikaacha. Lakini sikuacha kutaka kujua. Hadi leo siwezi kula mandazi bila kwanza kusoma gazeti lililoyafunga. Namuuliza fundi wa saa jinsi saa inavyokwenda, namuuliza daktari wa mifugo jinsi ng'ombe anavyocheua. Maneno ndiyo nayapenda zaidi. Nikisikia neno limesemwa vibaya, ulimi huniwasha mpaka nilirekebishe. Tabia hiyo imeniletea hasara moja kubwa, na ndiyo nataka kuieleza.

Wiki sita kabla ya asubuhi hiyo, mwanamke niliyekaa naye miaka mitatu alikuwa amerudi kwao, upande wa Bungoma. Alikuwa fundi wa nguo. Alishona sare za shule kwenye kibaraza cha nyumba yetu Matisi, cherehani ikitazama njia, na watoto wote wa mtaa ule walipita kwenye mikono yake kupimwa mabega. Alipoondoka aliibeba cherehani kwa bodaboda. Kile kibaraza kikabaki na alama nne za miguu ya cherehani kwenye saruji, nami nikawa nazikwepa nikipita, kama mtu anayekwepa kaburi.

Tulikutanishwa na mwimbaji. Siwezi kumsimulia mmoja bila mwingine.

Mwimbaji huyu ni mama wa miaka hamsini na kitu, mnene wa mabega, ana mwanya, na aliwahi kuwa mpishi katika shule ya bweni kabla hajawa na bendi. Redio huuita muziki wake soul. Yeye huuita muziki wa roho, na jina hilo limemletea mambo. Ana wanaume wanane nyuma yake: tarumbeta mbili, saksafoni, gitaa, besi, ngoma, kinanda na mzee mmoja wa manyanga. Wote huvaa makoti ya rangi ya mchicha uliopikwa. Ukisikia nyimbo zake redioni utaapa zilirekodiwa kabla hujazaliwa. Kuna mkwaruzo ndani yake, kuna sauti ya chumba, unasikia kiti kikilia mtu akijigeuza. Mzee mmoja wa Kitale, mnunuzi wa mahindi, aliwahi kunishika shati akisema baba yake alikuwa na santuri hiyo nyumbani. Wimbo wenyewe ulikuwa na mwaka mmoja. Nilipomwambia alikasirika. "Kijana, usinifundishe vitu za baba yangu." Nikamwacha. Nilikuja kuelewa kwamba hiyo ndiyo kazi ya yule mama: anatengeneza upya vitu ambavyo watu wanakumbuka kuvipoteza, hata kama hawakuwahi kuwa navyo.

Sauti yake si nzuri kwa maana ya kwaya. Ni nzito, na inapopanda juu hupasuka kidogo. Waimbaji wengine hufika pale wakaogopa, wakarudi chini. Yeye hupita katikati ya ule mpasuko. Halafu anajua kunyamaza. Anainua kiganja cha kushoto, si juu sana, usawa wa sikio, na watu wanane wanakatika kama uzi. Kimya kinakaa. Unasikia watu wakipumua. Unafikiri amesahau maneno. Kisha anasema neno moja tu, kwa sauti ya mtu anayeongea na mwenzake jikoni, na tarumbeta zinaingia zote mbili, na kifua chako hakijui kielekee wapi.

Mara ya kwanza nilimwona huko Ndalu, siku ya soko, kwenye uwanja ulio nyuma ya maduka. Nilikuwa nafanya kazi ya kuanika mahindi kwenye turubai na kuyageuza juani kwa reki ya mbao. Tangazo lilikuwa limebandikwa kwenye ukuta wa kinu cha posho: Muziki wa Roho, Saa Nane, Wote Mnakaribishwa. Kwa hivyo walikuja wote. Wamama wa kanisa walifika mapema, vitambaa vyeupe kichwani, Biblia kwapani, wakachukua viti vya mbele. Bendi ilipotoka na makoti yale ya mchicha niliona mama mmoja akimuuliza jirani yake, "Hawa ni mapasta wa wapi?"

Mwimbaji aliwaona. Mimi nilikuwa karibu, niliuona uso wake. Angeweza kucheka. Alimgeukia mpiga ngoma akamwonyesha kwa mkono, chini, chini zaidi, akaanza na wimbo wa mama yake aliyekufa akiwa ameacha ugali jikoni. Wamama wakalia. Akaimba wa pili. Wakapiga makofi ya adabu. Katika wimbo wa tatu ngoma ikabadilika, na mama mmoja mwenye miwani akampa mwenzake Biblia amshikie, akakunja sketi kidogo kwa vidole viwili, akasimama. Wengine walimvuta gauni. "Wee mama, keti!" Naye akasema bila kugeuka, "Niache bana. Si wameandika ni Roho?"

Nilikuwa nacheka peke yangu nilipogongwa kiwiko.

"Wewe. Unakanyaga kitambaa yangu."

Alikuwa msichana aliyebeba furushi la sare za kuuza, na ncha ya kitambaa ilikuwa chini ya kiatu changu. Nikaomba msamaha. Akasema msamaha haifui nguo. Nikasema nitaifua. Akaniangalia kwa muda, akasema, "Haya, fua," akanipa. Niliifua kwenye bomba la nyuma ya kinu, nikarudi nayo inadondosha maji, na wakati huo ndipo mwimbaji alipoanza ule wimbo. Tuliusikiliza mwanzo hadi mwisho tukiwa tumesimama na kitambaa kibichi kati yetu.

Nitaandika maneno yake kama nilivyoyasikia siku hiyo:

*Nimesimama langoni mwenu, sina mahali,*
*nina mikono miwili na koti la kuazima.*

Ni hayo tu, yanarudiwa. Kila akirudia, kuna mpigaji mmoja anaacha kupiga, mpaka mwisho anabaki yeye na mzee wa manyanga.

Nilisimama pale nikahisi mtu amesoma barua yangu kwa sauti mbele ya soko. Sina mahali. Kambi zote zile, zile sufuria kwenye shuka, nilikuwa sijawahi kupata njia ya kuzisema, na mama mmoja mpishi amezisema kwa maneno mawili. Nikageuka kumwona yule msichana. Naye alikuwa na machozi. Nikafikiri: huyu ameelewa.

Tukaanza kukaa pamoja Matisi kabla mahindi ya msimu ule hayajauzwa. Wimbo ule ukawa wimbo wa nyumba. Niliimba nikichota maji, niliimba nikikwangua viazi, niliimba jioni nikitoka kazini, tangu kwenye kona, ili ajue nimefika. Yeye aliitikia kutoka kwa cherehani. Ulimi wake ulikuwa wa Bungoma kabisa, mara kwa mara r inakaa kiti cha l, na mara moja moja l inakaa cha r. Alisema "tukarare". Alisema "chakura kimeiva". Nilimtania kwa hilo kila siku.

"Leo tunarara saa ngapi?"

"Ukiendelea hivyo utarara nje. Profesa wa darasa la saba."

Alikuwa akitaniwa na akicheka. Sikujua kwamba katika jambo moja hatukuwa tunacheka kitu kimoja.

Mama yake alikuja kututembelea siku moja ya Jumapili. Alikuwa mama mpole mwenye kuuliza maswali akiangalia pembeni. Alikula, akanywa chai, akazungumzia mvua. Mpenzi wangu alikuwa anapiga pasi shati langu kwa pasi ya makaa. Ndipo mama akasema, kwa sauti ya chini lakini nisikie, "Na huyu, hilo jambo letu analionaje?"

"Ma, nimekwambia," mpenzi wangu akasema. "Anajua hana. Hajasahau. Anaimba kila siku."

"Anaimba nini?" nikauliza. Nilitaka kujua kwa kweli.

"Si ile ya mahari."

Hapo ndipo ulimi uliponiwasha. Ningeweza kunyamaza. Ningeweza kunywa chai yangu. Lakini nilicheka, nikaweka kikombe chini, nikaanza kufundisha. Nikasema si mahari, ni mahali. Kwa l. Mahari ni ng'ombe wa wazazi wa msichana. Mahali ni pa kukaa. Yule anaimba kwamba hana kwao, ni mtu wa kupita, leo yuko hapa kesho hayupo. Nikalitamka polepole, silabi kwa silabi, ma-ha-li, kama mwalimu wangu wa darasa la nne. Nilikuwa nimejaa furaha. Nilikuwa naeleza wimbo nilioupenda kuliko nyimbo zote.

Mama yake aliangalia pembeni zaidi.

Mpenzi wangu alimaliza mkono mmoja wa shati, akamaliza wa pili, akalitundika. Akafungua pasi akaangalia makaa ndani. Halafu akasema, na r yake na l yake zote zikiwa mahali pake, "Kumbe miaka mitatu ulikuwa ukiniaga kwaheri."

Nilitambua ni kweli. Miaka mitatu yeye alisikia mwanaume akifika kona ya nyumba kila jioni akiimba: bado sijapata, nivumilie, nimesimama langoni mwenu. Akangoja. Akawaambia kwao wangoje. Na mimi nilikuwa naimba kwamba mlango uko wazi na miguu inaniwasha. Wimbo ni ule ule. Alikaa siku nne zaidi, bila ugomvi, akimalizia sare alizokuwa ameahidi watu. Siku ya tano akaita bodaboda.

Basi, nikiwa juu ya lori lile tukiiendea Ndalu, hayo ndiyo yaliyokuwa kichwani. Tulifika jua limepanda. Nilipakia magunia mpaka mgongo ukawa kama si wangu, na tulipomaliza dereva akasema anapumzika mpaka saa nane kisha anarudi Kitale. Nikaenda kunyoa ndevu, si kwa sababu zilihitaji kunyolewa. Nilitaka kukaa kwenye kiti. Kinyozi alikuwa na redio, na redio ikaanza wimbo ule.

"Zima hiyo," nikasema.

"Nizime? Huyu mama?" Kinyozi aliuinua wembe. "Wewe hutoki hapa kama utatukana huyu mama. Shemeji yangu anapiga besi kwake."

"Simtukani. Naujua wimbo wake mpaka mifupani."

"Basi keti vizuri. Leo ni Alhamisi. Saa hii wanajipanga kufanya mazoezi Bungoma, kwa ile stoo ya zamani ya mahindi nyuma ya soko. Kila Alhamisi. Mtu akienda, hafukuzwi. Hata mimi nimeenda, nikanywa chai."

Nilitoka pale upande mmoja wa uso umenyolewa vizuri kuliko mwingine. Sikurudi kwa lori. Nilipata pikapu ya mtu wa maziwa inayoelekea Bungoma, nikapanda nyuma na mitungi tupu, na njia nzima mitungi ilikuwa inagongana kama watu wanaobishana. Nilikuwa na swali moja tu. Nilijiambia nikijua neno lenyewe ni lipi, nitajua kama nilimpoteza mpenzi wangu kwa haki au kwa makosa. Na kama neno lilikuwa la kwake, kama yeye ndiye aliyesikia sawa miaka yote ile, ningemwendea nimwambie hivyo. Hicho kilikuwa kitu. Mtu hawezi kwenda mikono mitupu kabisa.

Stoo ilikuwa ndefu, bati limetoboka, jua limeingia kwa matundu likaandika nukta sakafuni. Niliwakuta wanarudia kipande kimoja cha tarumbeta. Bila makoti walikuwa watu wa kawaida, mmoja amevaa fulana ya kampeni ya kura za zamani. Mwimbaji alikaa kwenye kreti ya soda, miguu ndani ya ndara, akipiga tempo kwenye goti kwa mwiko. Mwiko kabisa, wa kusongea ugali. Mpiga tarumbeta wa pili alipokosea hakumgombeza. Aliuelekeza mwiko kwake, kisha akauelekeza kwenye beseni la vikombe vichafu kando ya ukuta. Jamaa akainamisha kichwa. Kwenye bendi ile, nilikuja kuambiwa, anayekosea ndiye anayeosha vyombo vya chai. Walirudia kipande kile mara kumi na nne. Nilihesabu kwa sababu sikuweza kufanya kingine. Mara ya kumi na nne niliona walichokuwa wanatafuta. Tarumbeta mbili zilikuwa zikiingia pamoja. Alitaka moja ichelewe, kidogo sana, kama mtu anayeitikia akiwa chumba cha pili. Ilipotokea alifumba macho akasema, "Eeh. Huyo." Nikapata baridi mikononi mchana ule wa joto.

Chai ilipokuja nikasogea.

"Mulembe, mama," nikamsalimu kwa lugha yao.

"Mulembe muno. Nani wewe?"

"Nimetoka Kitale. Nina swali juu ya wimbo wa koti la kuazima."

Mtu wa besi, yule shemeji wa kinyozi, akadakia, "Kama ni harusi, tarehe zimejaa bana."

"Si harusi," nikasema. "Nataka kujua. Pale mnaposema sina… ni mahali ama ni mahari?"

Mpiga ngoma akasema kwa huruma, kama anaongea na mgonjwa, "Si ni mahari tu. Mahari pa kukaa."

"Wewe!" Mpiga saksafoni aliweka kikombe chini. "Ati pa kukaa? Ni mahali ya ng'ombe. Jamaa amekuja kuoa, hana mahali."

"Hana mahari pa kukaa!"

"Hana mahali ya kulipa! Angeazima koti kwa nini? Si ya kwenda kwa wakwe?"

"Ameazima kwa sababu anarara nje, baridi, wewe mjinga!"

Ikawa vita. Wanne upande huu, watatu upande ule, na mzee wa manyanga akisema wote wangojee aulizwe yeye, ila hakuna aliyemuuliza. Miaka yote wamepiga wimbo ule, na hawakuwahi kujua kwamba wanapiga nyimbo mbili. Mwimbaji aliwasikiliza mpaka chai yake ikapoa. Akauinua kiganja cha kushoto, usawa wa sikio. Wakakatika.

"Vikombe," akasema. "Nyote."

Walipokwenda bombani akanionyesha kreti nyingine, nikakaa.

"Baba yangu alikuwa na lango la mbao," akasema. "Mimi nikiwa msichana, mwanaume alikuja akasimama hapo. Alikuwa kibarua wa miwa. Nilikuwa jikoni, naona kwa tundu. Ile maneno umeisikia kwa wimbo, aliisema yeye, sikuitunga mimi. Baba akamwambia, enda utafute, ukipata urudi. Akaenda."

"Hakurudi?"

"Angerudi ningekuwa naimba?"

"Na alikuwa anamaanisha lipi?"

Aliuzungusha mwiko mkononi. "Alikuwa wa huku huku, anaongea kama sisi. Kama alisema ng'ombe, baba alimjibu sawa. Kama alisema pa kukaa," akausimamisha mwiko, "nyumba ya kaka zangu ilikuwa tupu. Angelala hapo hata mwaka. Sijui. Nikiimba, siku zingine ni hii, siku zingine ni ile. Sasa wewe niambie. Hiyo kitu imekutoa Kitale kwa nini?"

Nikamwambia. Sikuficha pasi wala kikombe wala silabi nilizozikata. Alisikiliza akitazama miguu yake. Nilipofika mwisho akaniuliza, polepole, "Ulimsahihisha?"

"Ndiyo, mama."

"Mbele ya mama yake."

"Ndiyo."

Alicheka, kicheko kifupi, kikakatika chenyewe. "Mtu anakungoja kwa neno, na wewe unamrekebishia herufi." Hakusema kwa ukali. Ndiyo maana iliniingia. Kisha wenzake wakarudi na vikombe vinavyodondosha maji, akasimama, akashika mwiko, na mimi nikawa mtu aliyekuja kutazama mazoezi.

Nilitoka nje nikampigia mpenzi wangu. Simu iliita sana. Alipoipokea nilisikia cherehani kwanza.

"Sasa," akasema.

"Poa. Niko Bungoma."

"Ya nini?"

"Nilikuja kumuuliza yule mama. Lile neno."

Cherehani ikasimama. "Akasema nini?"

"Amesema hajui."

Nilimsikia akitoa pumzi puani, ile namna yake ya kucheka akiwa na pini mdomoni. "Mimi sikuhitaji ajue yeye," akasema.

"Najua. Nataka kuja kwenu. Nije nizungumze na wazazi. Hata kesho."

Wakati ule ndani ya stoo walianza wimbo mwingine, wa haraka, na nikaziba sikio moja kwa kidole.

"Usije," akasema. "Wazee walikuja Jumamosi. Wameketi na baba. Wamekubaliana."

"Wazee wa nani?"

"Wa mtu. Anatengeneza pampu za maji. Hata haimbi."

Nikauliza lile swali la kijinga ambalo kila mtu huuliza. "Unampenda?"

"Alikuja mara moja tu akasema anachotaka. Nilimwelewa siku hiyo hiyo."

"Alisema nini?"

"Alisema ng'ombe."

Nilifikiri juu ya neno lile. Halina l. Halina r. Mtoto wa Bungoma, wa Kitale, wa mahali popote analitamka sawa, na halihitaji mtu wa kulifafanua. Nilikuwa na maneno mengi sana, nimeyakusanya kutoka magazeti ya mandazi miaka ishirini, na hilo sikuwahi kulitoa.

"Umenyamaza," akasema.

"Nakusikiliza."

"Haya. Nina sare za kumaliza, shule zinafungua." Kisha, kabla sijakata, "Usidhani nilikuwa naikasirikia ile wimbo. Ni nzuri. Nilikuwa naipenda."

Cherehani ilianza kabla simu haijakatika. Niliisikiliza mpaka ikakatika yenyewe.

Sikurudi ndani ya stoo. Watu wataniuliza kama bado naweza kumsikiliza yule mama baada ya hayo, na jibu ni kwamba namsikiliza zaidi. Hakuniahidi chochote. Hakuwahi kusema wimbo wake ni dawa. Aliweka neno lake pale katikati, kila mtu akalichukua na ulimi wake, na mimi ndiye niliyelitia kalamu nyekundu. Nikimsikia sasa nasikia zote mbili kwa pamoja, mtu asiye na pa kulala na mtu asiye na ng'ombe, wamevaa koti moja. Inauma. Sioni njia nyingine ya kuusikiliza.

Nilitembea nikiwa sielekei popote, nikapita soko, nikapita watu wanaokunja turubai zao, nikaingia mtaa wa nyumba za kupanga nisioujua jina. Jua lilikuwa bado lipo. Mama mmoja alikuwa anachambua maharagwe mlangoni pa ploti yenye vyumba vinane vinavyotazamana, na kwenye mlango mmoja palikuwa pameandikwa kwa chaki: kipo.

"Mulembe, mama. Kile chumba kipo kweli?"

"Kipo. Unapita ama unakaa?"

Maisha yangu yote nimejibu swali hilo bila kufikiri. Nilifungua mdomo na jibu la zamani likawa pale pale, tayari. Nikalizuia. Nilijua hakuna mtu anayelingoja jibu jingine tena, kwamba hata nikikaa miaka kumi hakuna atakayesikia habari akafurahi.

"Nakaa," nikasema.

"Na mama watoto?"

"Sina."

"Atakuja baadaye?"

"Hapana. Haji."

Aliniangalia sandali, akaangalia mikono yangu ambayo haikuwa na hata mfuko wa nailoni, na nafikiri alitaka kuuliza tena. Badala yake alijipangusa maganda ya maharagwe kwenye leso, akaingia ndani akatoka na ufunguo, fagio na ndoo yenye maji nusu.

"Aliyetoka alikuwa anachoma mahindi ndani," akasema. "Osha kwanza."

Chumba kilikuwa na dirisha moja na masizi kwenye kona. Niliosha nikianzia huko mwisho, nikija kinyumenyume, mpaka nikajikuta nje ya mlango na sandali mkononi. Saruji ilikuwa inang'aa kwa maji. Mama akaniambia kutoka kwake nisiingie sasa, nitaichafua, ningoje ikauke. Nikasimama pale nikangoja.